Ripoti Inayotangulia Bomba

Kaskazini-magharibi mwa New Mexico, jimbo la kusini-magharibi mwa Marekani, lipo bonde kavu liitwalo Chaco Canyon. Kuanzia karne ya 9 hadi ya 12 wenyeji wa hapo walijenga majumba ya mawe yenye ghorofa kadhaa, na mojawapo, Pueblo Bonito, lilikuwa na vyumba zaidi ya 600. Kwenye majumba hayo zilianzia barabara pana zilizonyooka, zikavuka nyanda kwa makumi ya kilomita hadi majumba mengine ya aina hiyohiyo. Ardhi hiyo, chini ya udongo wake, imebeba gesi asilia, mafuta na makaa ya mawe. Wanajiolojia huiita San Juan Basin, na visima vyake vya gesi vimechimbwa kwa maelfu. Basi anayetaka kuchimba kisima, kulaza bomba au kukata barabara ya malori katika ardhi ya serikali kuu huko hana budi kusubiri kwanza ripoti ya mwanaakiolojia aliyeitembea ardhi hiyo kwa miguu, na afisa wa serikali aisome ripoti hiyo na kuiridhia.

Utaratibu huu haukubuniwa kwa siku moja, wala mwanzoni haukukusudiwa kwa ajili ya nishati. Ulikua kipande baada ya kipande kwa zaidi ya miaka 100, na karibu kila kipande kiliongezwa baada ya kitu fulani kupotea. Ili tuuelewe, yafaa tuanze pale ambapo Marekani haikuwa na sheria yoyote ya kulinda mambo ya kale.

Mnamo Desemba 1888 wafugaji wawili wa ng'ombe, Richard Wetherill na shemeji yake Charlie Mason, waliona nyumba za mawe zilizojengwa ndani ya jabali la Mesa Verde, jimboni Colorado. Mwaka 1891 akaja kijana Msweden, Gustaf Nordenskiöld. Alichimba, akapiga picha na kuandika kwa uangalifu kuliko wengi wa wakati wake, kisha akapakia kwenye treni shehena ya vyungu, vitu vya kusukwa na mifupa ya watu. Wakazi wa mji wa Durango walikasirika na akakamatwa. Lakini ilibidi aachiliwe, kwa sababu hapakuwa na sheria aliyoivunja. Shehena ilikwenda Ulaya, na hatimaye ikafika Helsinki, Finland. Mifupa ile ilirudishwa mwaka 2020 na kuzikwa upya.

Haukupita muda mrefu zamu ya Chaco ikafika. Kati ya 1896 na 1899 Wetherill huyohuyo alishiriki katika uchimbaji wa Pueblo Bonito uliogharimiwa na ndugu wawili matajiri wa New York, na vilivyopatikana vikapelekwa kwenye jumba la makumbusho la mji huo. Edgar Lee Hewett, mwalimu na mwanaakiolojia wa New Mexico, alipinga jambo hilo kwa nguvu, na baadaye akasaidia kuandika muswada wa kulizuia. Tarehe 8 Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt alitia saini Sheria ya Mambo ya Kale. Sheria hiyo ilimtaka kila anayechimba magofu katika ardhi ya serikali kuu awe na kibali, ikampa rais uwezo wa kutangaza maeneo ya kumbukumbu za taifa. Chaco ikatangazwa mwaka uliofuata.

Sheria ya 1906 ilikuwa imemlenga adui mmoja, na adui huyo alikuwa mchimbaji wa vyungu. Aliyekuja na sepetu kutafuta chungu alihitaji kibali. Aliyekuja na mtambo kutafuta mafuta, akakipasua chungu kilekile njiani, sheria haikumtaja. Pengo hilo halikuonekana mara moja, kwa kuwa mitambo mikubwa ilikuwa bado haijafika.

Ilianza kufika katika miaka ya 1930, na ilikuja kwa ajili ya umeme wa maji. Mei 1933, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, serikali iliunda Mamlaka ya Bonde la Tennessee ili ijenge mabwawa ya kuzalisha umeme na kuzuia mafuriko. Bwawa la kwanza, Norris, lilikuwa lifunike mabonde yaliyojaa vichuguu vya makaburi na vijiji vya kale. Mwanzoni mwa 1934 William S. Webb, profesa wa fizikia wa Kentucky aliyeipenda akiolojia, alipewa kazi ya kuongoza uchimbaji kabla maji hayajapanda. Alipata wafanyakazi wengi, kwa sababu serikali ilikuwa ikitafuta kila njia ya kuwapa ajira watu wasio na kazi. Baada ya vita kuu ya pili mtindo huo ulienea. Mabwawa mengi yalipangwa katika mto Missouri na matawi yake, na kuanzia miaka hiyo hadi 1969 Taasisi ya Smithsonian iliongoza mpango wa kuchimba mabonde yaliyokuwa yakingoja kuzama.

Kazi hiyo iliitwa akiolojia ya uokoaji, na iliokoa mengi. Lakini tuangalie mpangilio wake: uamuzi wa kujenga bwawa ulitangulia, na mwanaakiolojia aliitwa baadaye, akiwa na muda uliobaki tu. Hakuna aliyemuuliza kama bwawa linafaa kujengwa pale au pengine. Ripoti yake iliandikwa baada ya kila kitu kuamuliwa, tena mara nyingi miaka mingi baadaye.

Bomba la kwanza kuleta mabadiliko lilipita katika ardhi ileile tuliyoanza nayo. Mwaka 1950 kampuni ya El Paso Natural Gas ilikuwa ikilaza bomba la kupeleka gesi ya San Juan Basin upande wa California, na njia yake ilivuka ardhi ya Wanavajo, moja ya makabila ya wenyeji wa asili. Jesse Nusbaum alikuwa mshauri wa akiolojia wa Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo kwa Marekani haisimamii polisi bali ardhi ya umma, madini na hifadhi za taifa. Yeye ndiye aliyeishawishi kampuni igharimie wanaakiolojia watembee mbele ya mitambo. Kijana mmoja aliyefanya kazi hiyo, Fred Wendorf, alikuwa miongoni mwa wahariri wa kitabu cha 1956 kuhusu akiolojia ya mabomba.

Kwa nini kampuni ilikubali? Wengine husema ilitaka sifa njema, kwa kuwa gharama ya wanaakiolojia ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ya bomba. Wengine husema ni sheria ya 1906, kwani ardhi ya Wanavajo imewekwa chini ya dhamana ya serikali kuu, na Nusbaum aliweza kudai kwamba kuvunja magofu bila kibali ni kosa. Naona maelezo ya pili yana uzito zaidi, maana katika ardhi ya watu binafsi, ambako sheria hiyo haikufika, mabomba yaliendelea kulazwa bila mtu kuangalia. Sifa njema ilirahisisha makubaliano. Mlango ulifunguliwa na mamlaka ya serikali juu ya ardhi. Jambo hilo litarudi baadaye katika habari hii, na litakuwa zito zaidi.

Wendorf hakuishia New Mexico. Miaka ya 1960, Misri ilipokuwa ikijenga Bwawa Kuu la Aswan kwa ajili ya umeme na umwagiliaji, UNESCO iliuomba ulimwengu usaidie kuokoa malikale za Nubia, na Wendorf alikuwa mmoja wa walioitikia. Mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande na kuinuliwa hadi juu ya kilima. Kwa nchi zilizoko kwenye mto Nile, hapo ndipo akiolojia na nishati zilipokutana mbele ya macho ya dunia nzima. Lakini hata Nubia ilifuata mpangilio wa zamani, bwawa kwanza na uokoaji baadaye.

Mpangilio huo uligeuzwa na sheria iliyotungwa kwa sababu nyingine kabisa. Baada ya vita, miji ya Marekani ilikuwa ikivunjwa ili kupisha barabara kuu na majengo mapya, na kuvunjwa kwa kituo cha treni cha Pennsylvania mjini New York, kulikoanza 1963, kuliwaudhi watu wengi. Tarehe 15 Oktoba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Taifa ya Uhifadhi wa Historia. Wanahistoria hawakubaliani ni nani aliyeisukuma zaidi. Wapo wanaowataja wanaakiolojia waliokwisha kuchoka kukimbizana na maji ya mabwawa, lakini ukiangalia mijadala ya wakati ule, waliotangulia mbele walikuwa wapenzi wa majengo. Akiolojia iliingia kwa mlango wa wasanifu majengo, na alama za kuingia kwake huko bado zinaonekana katika lugha ya sheria.

Kifungu cha 106 cha sheria hiyo ni kifupi. Kinaiagiza idara yoyote ya serikali kuu, kabla ya kutoa fedha au leseni kwa mradi, ifikirie athari za mradi huo kwa mahali pa kihistoria, na ilipe Baraza la Ushauri kuhusu Uhifadhi wa Historia nafasi ya kutoa maoni. Hakikatazi kuvunja. Kinataka tu uamuzi usitolewe kabla ya kuangalia na kusikiliza. Kwa kila jimbo kukawekwa afisa wa uhifadhi wa historia, ambaye idara hushauriana naye kwanza.

Hata hivyo kifungu hicho kilikuwa na udhaifu mkubwa. Mwanzoni kiligusa tu mahali palipokwisha kuandikwa katika Rejista ya Taifa, yaani orodha ya serikali kuu ya mahali pa kihistoria. Magofu yaliyokuwa bado hayajulikani, na katika jangwa la New Mexico karibu yote yalikuwa hivyo, hayakuwa na ulinzi. Udhaifu huo uliondolewa na Rais Richard Nixon. Kwa amri aliyotoa Mei 1971, idara za serikali kuu ziliagizwa zilinde hata mahali ambapo hapajaandikwa, ilimradi panastahili kuandikwa. Na mwaka 1976 Bunge likaingiza kanuni hiyo ndani ya sheria yenyewe.

Katika habari hii yote, mimi nahesabu badiliko hilo kuwa ndilo kubwa kuliko mengine, ingawa halikuvuma. Kisichojulikana hakiwezi kulindwa mpaka kitafutwe. Mara sheria ilipovilinda visivyojulikana, idara ililazimika kumtuma mtu akaangalie ardhi kabla ya kutoa kibali, na mtu huyo alilazimika kuandika alichokiona kwa namna ambayo mwingine, aliyeketi ofisini mbali na hapo, angeweza kukipima. Hivyo ndivyo ripoti ya ukaguzi wa akiolojia ilivyozaliwa kama hati ya serikali. Sheria ya Sera ya Mazingira, iliyotiwa saini siku ya kwanza ya 1970, iliongeza msukumo, kwa kuwa iliwapa wananchi njia ya kwenda mahakamani pale idara ilipotoa idhini bila kuchunguza.

Ilitokea kwamba mahitaji ya nishati yalipanda wakati huohuo. Vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu mwaka 1973 viliitia Marekani hofu, na makaa ya mawe na gesi vya majimbo yake ya magharibi vikatafutwa kwa haraka. Huko Black Mesa, Arizona, katika ardhi ya Wanavajo na Wahopi, kampuni ya makaa ya mawe ya Peabody ilikuwa imeanza kugharimia utafiti wa akiolojia tangu 1967. Mradi huo uliendelea uwandani hadi 1983, ukawa mmoja wa mikubwa kuliko yote katika nchi hiyo. Vyuo vikuu havikuweza kuukidhi wingi wa kazi. Yakazuka makampuni binafsi ya akiolojia yaliyolipwa na makampuni ya nishati, nazo idara zikaajiri wanaakiolojia wao wenyewe ili kuzisoma kazi hizo.

Ukimuuliza mwanaakiolojia ni nini kilichobadilisha mwenendo wa miaka hiyo, huenda akakutajia makala ya William Lipe ya 1974, iliyosema kwamba malikale hazioti upya, na kwamba kuchimba kuwe njia ya mwisho, baada ya kuepuka kushindikana. Makala hiyo ilibadilisha fikra za taaluma. Lakini idara za serikali ziliongeza watumishi kwa sababu ya kesi za mahakamani na milundo ya maombi. Fikra zilionyesha njia, na hofu ya kushitakiwa ndiyo iliyoleta bajeti.

Sasa tuone jinsi ripoti inavyopita kwenye mikono ya serikali. Mfano wetu uwe kisima kimoja cha gesi katika ardhi inayosimamiwa na Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, idara iliyoundwa 1946, ambayo leo ina takriban hekta milioni 100.

Kampuni huleta ombi la kuchimba pamoja na ramani ya uwanja wa kisima, njia ya bomba na barabara. Mwanaakiolojia wa idara hutazama kwanza mpaka wa eneo la athari, yaani ardhi ambayo mradi unaweza kuigusa. Hapo ndipo mengi huamuliwa, ingawa hakuna aliyetembea bado. Eneo likichorwa kuuzunguka uwanja wa kisima tu, ripoti itauhusu uwanja huo tu. Likijumuisha vumbi la malori, mwanga wa usiku, sauti ya mashine na mandhari inayoonekana kutoka juu ya jumba la kale, ripoti itakuwa nyingine kabisa.

Kisha kampuni hukodi wanaakiolojia wenye kibali cha serikali. Hao hupekua kwanza kumbukumbu za jimbo ili wajue nani alikwisha kupita hapo na alipata nini. Hilo ndilo daraja la kwanza la ukaguzi. Daraja la pili ni kupima sehemu tu ya ardhi kama sampuli. La tatu, ambalo hutakiwa mara nyingi kabla ya kisima au bomba, ni kuitembea ardhi yote, watu wakiwa wamejipanga mstari, kwa kawaida wakiachana mita 15 hivi, macho chini. Wakiona vigae, vipande vya jiwe lililochongwa, jivu la jiko au msingi wa ukuta, husimama, huchukua vipimo vya satelaiti, huchora ramani, hupiga picha na kujaza fomu. Mwishoni hupendekeza kama mahali hapo panastahili kuingia katika Rejista au la.

Wao hupendekeza, na anayeamua ni idara. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu aliyeandika ripoti analipwa na mtu anayetaka kuchimba. Msomaji wa serikali huisoma akiwa na maswali. Je, ardhi ilikuwa wazi siku ile, au theluji na nyasi ziliifunika? Je, ramani ya watembeaji inalingana na ramani ya mradi, au kampuni ilisogeza bomba baada ya ukaguzi? Kama mahali pameelezwa kuwa hapastahili, je, sababu imetolewa, au ni sentensi moja iliyonakiliwa kutoka ripoti iliyopita? Je, udongo uliolundikwa na upepo unaweza kuwa umefunika tabaka la chini ambalo mtembeaji hakuliona? Ripoti isiyojibu hurudishwa. Inayojibu hupelekea moja kati ya hukumu tatu: hakuna cha kihistoria kinachoguswa, kipo, lakini hakidhuriki, au kipo na kitadhurika. Ikiwa ni hukumu ya tatu, pande husika huandikiana makubaliano ya namna ya kupunguza madhara.

Kwa kawaida afisa wa jimbo ana siku 30 za kujibu, na akinyamaza idara inaweza kuendelea. Tena si kila ripoti humfikia mapema. Tangu 1997 Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi ina makubaliano ya kitaifa yanayoiruhusu iamue yenyewe mambo ya kawaida, kwa masharti yanayoafikiwa jimbo kwa jimbo. Wanaoyatetea husema bila hivyo meza za majimbo zingezama kwa makaratasi. Wanaoyalaumu husema idara iliyopewa kazi ya kukodisha ardhi imeachiwa kujikagua. Mwananchi wa kawaida hawezi kuamua ugomvi huo kwa kusoma ripoti, kwani sheria inaruhusu mahali penye malikale pafichwe, na kwa sababu nzuri: waporaji wa vyungu wangali wapo, na ramani ya ripoti ingewafikisha moja kwa moja.

Katika hukumu hizo kuna jambo ambalo yafaa tulitazame kwa makini. Mahali huweza kustahili Rejista kwa sababu nne: matukio yaliyotokea hapo, watu mashuhuri waliohusika napo, ubora wa ujenzi, au maarifa ambayo mahali hapo panaweza kutoa. Magofu mengi ya kale huingizwa kwa sababu ya nne. Basi mantiki huendelea yenyewe: kama thamani ya mahali ni maarifa, ukipachimba vizuri na kuandika kitabu, maarifa yameokolewa, na bomba lipite. Kwa muda, kanuni za Baraza ziliruhusu hata kuhesabu mahali palipochimbwa hivyo kuwa hapakudhurika. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 1999. Kwa Mpueblo, mmoja wa wazao wa wajenzi wa Chaco, ambaye mababu zake wamezikwa pale, kuchimbwa kwa uangalifu kulikuwa ni kuchimbwa tu.

Sauti ya watu hao ilichelewa mno kuingia. Sheria ya 1990 iliyapa makabila ya wenyeji wa asili haki ya kudai mabaki ya wafu wao, na marekebisho ya 1992 ya sheria ya uhifadhi yakasema kwamba mahali penye umuhimu wa kidini na kitamaduni kwa kabila panaweza kustahili Rejista, na kwamba idara lazima ishauriane na kabila hilo. Makabila yakaruhusiwa kuwa na maafisa wao wa uhifadhi, wenye kazi ileile ya afisa wa jimbo. Kushauriana ni nini, hata hivyo, kulibidi kuelezwe na mahakama. Mwaka 1995, katika kesi ya Wapueblo wa Sandia dhidi ya Idara ya Misitu, mahakama ya rufaa iliona kwamba kutuma barua na kungoja majibu hakukutosha, wakati idara ilikuwa na dalili kwamba korongo lile lilitumika kwa ibada. Desemba 2010 mahakama nyingine ilisimamisha mradi wa umeme wa jua wa megawati 709 huko Imperial Valley, California, kwa sababu kabila la Waquechan halikushirikishwa kama sheria inavyotaka. Kwa kesi hiyo ilidhihirika kwamba nishati safi nayo hula ardhi, tena kwa eneo pana kuliko kisima.

Miaka hiyohiyo zilijaribiwa njia za mkato, na nyingine zilikuwa na busara. Kusini-mashariki mwa New Mexico, katika Permian Basin, kulianzishwa mwaka 2008 makubaliano ambayo kwayo kampuni, badala ya kulipia ukaguzi mwingine mdogo katika eneo lenye visima tele, huchangia mfuko wa kugharimia utafiti mpana. Ukaguzi mmojammoja wa viwanja vya visima ulikuwa umezaa ripoti nyingi sana zisizosomwa na mtu tena, na mfuko huo umezaa maarifa. Lakini njia hiyo hufaa pale tu ambapo eneo limekwisha kujulikana vizuri, na ni rahisi kuipeleka pasipofaa.

Utaratibu huo ulivuka bahari pia. Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, liliweka mwaka 2006 viwango vyake, na cha 8 kinahusu urithi wa utamaduni: kagua kwanza, epuka ukiweza, na weka utaratibu wa kufuata kitu kikionekana kwa bahati wakati wa kuchimba. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limetathminiwa kwa viwango hivyo. Kwa hiyo makaburi na mahali pa matambiko vilivyo kando ya mkuza wake viliandikwa katika hati ambazo asili yake yaweza kufuatwa hadi jangwa la New Mexico.

Tofauti ya mamlaka tuliyoiona mwaka 1950 ilirudi mwaka 2016, huko Dakota Kaskazini. Bomba la Dakota Access, lenye urefu wa kilomita 1,886 hivi, lilipita karibu lote katika ardhi ya watu binafsi. Serikali kuu iliingia pale tu lilipovuka maji, kupitia Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, nacho kilihesabu eneo la athari kuwa vivuko hivyo na pembezoni mwake. Mwezi Mei mwaka huo Baraza la Ushauri lilikiandikia kupinga. Kabila la Standing Rock Sioux lilikwenda mahakamani Julai.

Haki inatutaka tuseme kwamba kampuni haikupita bila kuangalia. Kwa mujibu wa uamuzi wa Jaji James Boasberg, wanaakiolojia wake waliitembea njia, na katika Dakota Kaskazini pekee njia ilibadilishwa mara 140 ili kuepuka mahali penye malikale. Lakini mwishoni mwa Agosti Tim Mentz, aliyewahi kuwa afisa wa uhifadhi wa kabila, aliruhusiwa na mwenye shamba kutembea sehemu ya njia hiyo. Akaeleza mahakama, kwa hati ya tarehe 2 Septemba, kwamba ameona duru za mawe na makaburi. Kesho yake mitambo ilisawazisha sehemu hiyo. Wanaakiolojia wa jimbo walipopakagua baadaye mwezi huo, walisema hawakuona mifupa ya watu wala malikale muhimu ndani ya mkuza.

Nani alisema kweli? Wapo waliohitimisha kwamba kabila lilibuni, na wapo waliohitimisha kwamba jimbo lilificha. Nadhani yote mawili ni haraka. Mawe machache yaliyopangwa juu ya nyasi husomwa kwa namna moja na mtu aliyefundishwa kutafuta vigae, na kwa namna nyingine na mtu aliyefundishwa na wazee wake maana ya mpangilio ule. Na baada ya mtambo kupita, hakuna ukaguzi unaoweza kuwapatanisha. Kosa lilikuwa ni kuwaleta watu hawa wawili mahali pamoja baada ya mradi kuanza, badala ya miaka miwili kabla yake. Jaji alikataa kusimamisha ujenzi tarehe 9 Septemba. Serikali ya Obama iliuzuia, ya Trump ikauruhusu, na mafuta yakaanza kutiririka rasmi Juni 2017.

Chaco nayo ilikuwa mahakamani. Mei 2019 mahakama ya rufaa ilikataa hoja ya Wanavajo kadhaa na wanaharakati kwamba Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi ilivunja sheria ya uhifadhi kwa kuidhinisha visima katika San Juan Basin. Ilikubali tu kwamba katika baadhi ya idhini matumizi ya maji hayakutathminiwa ipasavyo. Kwa upande wa malikale, ripoti za kisima kimojakimoja zilikuwa zimefuata utaratibu. Wapueblo walijibu kwamba utaratibu wenyewe hauoni barabara ya kale inayopita katikati ya visima 10, kila kimoja na ripoti yake nadhifu. Bunge likatenga dola milioni 1 ili makabila yenyewe yafanye utafiti wa mahali pao, kwa watu wao na maarifa yao.

Tarehe 2 Juni 2023 Deb Haaland, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo na mmoja wa Wapueblo wa Laguna, aliiondoa ardhi ya serikali kuu iliyo ndani ya takriban kilomita 16 kuzunguka hifadhi, kiasi cha hekta 136,000, isikodishwe tena kwa mafuta na gesi kwa miaka 20. Mikataba ya zamani haikuguswa. Taifa la Navajo lilipinga, kwa kuwa zipo familia zake zenye viwanja huko ambazo hutegemea mrabaha wa mafuta, nazo zilihofia kwamba ardhi ya serikali ikifungwa pande zote, viwanja vyao havitachimbika. Wapueblo waliunga mkono, lakini hawakuridhika. Amri ya waziri mmoja huweza kufutwa na waziri mwingine, na kwa sababu hiyo wameendelea kuliomba Bunge liifanye kuwa sheria.